Mvinyo wa Porto na keki ya sukari haviendi pamoja



Kwenye sherehe ya kipaimara cha mtoto wa jirani nilipeleka chupa ya mvinyo wa Porto, ule mwekundu wa bei ya chini, tukaufungua keki ilipokatwa. Keki yenyewe ilipakwa sukari nyeupe juu mpaka pembeni. Wageni walionja wakakunja uso: "Mbona umechacha?" Haukuwa umechacha. Kesho yake nilionja uliobaki kwa korosho za kukaanga, nikakuta utamu wa zabibu umerudi wote. Kosa lilikuwa langu.

Ndiyo maana nasema tuache kulaumu bei. Ukila kitu kitamu kuliko mvinyo, ulimi unaacha kuusikia utamu wake, unabaki ukali tu. Kwa hiyo kaimati za shira na halua weka mbali. Chokoleti nyeusi inaufaa sana huu mwekundu. Upo pia wa rangi ya kahawia, uliokaa miaka kwenye mapipa ya mbao. Huo unapenda karanga, korosho na keki isiyopakwa kitu.

Wewe mwenye duka au kibanda, nisikilize hapa. Mvinyo huu una kilevi cha asilimia 20 hivi, bia ina kama 5. Ukimjazia mteja glasi ya bia, umempa kilevi cha glasi nne za bia kwa mkupuo, na bodaboda yake iko nje! Uza kwa glasi ndogo, pamoja na kifuko cha korosho. Uweke kwenye friji nusu saa kabla. Chupa ya mwekundu ikishafunguliwa, ifunge vizuri uimalize ndani ya wiki mbili. Kuuchanganya na soda ni kutupa hela, ingawa najua wengi hamtakubali.

Na wewe mwenye shamba la zabibu Dodoma, usidhani haya ni ya watu wa mjini. Kule bonde la Douro, kaskazini mwa Ureno, juisi ikiwa bado inachachuka wanamimina pombe kali ya zabibu. Chachu inakufa, na sukari ambayo haijaliwa inabaki. Utamu ule umetoka kwenye tunda. Mashamba yao hupewa daraja kwa herufi, na daraja ndilo linaloamua ni kiasi gani cha juisi kiruhusiwe kuwa mvinyo wa Porto.

Sisi tunavuna mara mbili kwa mwaka, na kila msimu nakuta mtu anakata vichala vyenye punje za kijani kwa sababu lori limekuja au deni la dawa limeiva kabla ya zabibu. Nakuelewa, lakini mnunuzi akikuta sukari ndogo atakushusha bei, na huna cha kumjibu kama hukupima. Kipo kifaa kidogo cha mkononi kinachosoma sukari kwenye tone la juisi. Changeni kikundi kizima mnunue kimoja. Pimeni punje za juu na za chini ya kichala, mistari tofauti, asubuhi kabla hamjampigia mwenye lori, na muandike namba kwenye daftari.