Kitabu cha Kubandikia

Katika sanduku letu la bati vimo vitabu vitatu vya kubandikia picha na vipande vya magazeti. Ukivifungua kwa zamu utadhani ni kazi ya watu watatu, kumbe wote ni mimi.

Cha kwanza nilikianza utotoni, katika kambi ya polisi ambako marehemu baba alikuwa askari. Kilikuwa daftari la hesabu lililokwisha, na gundi yake ilikuwa uji mzito wa unga wa muhogo. Mama alinipimia kijiko kimoja tu, akisema unga ni chakula kwanza. Katika ukurasa wa mbele nilibandika picha aliyoikata baba mwenyewe alipokuwa kuruta: John Akii-Bua, askari polisi, aliyeshinda mbio za mita 400 za kuruka viunzi mjini Munich mwaka 1972 kwa sekunde 47.82. Hiyo ilikuwa rekodi ya dunia, na medali ya kwanza ya dhahabu ya Uganda katika Michezo ya Olimpiki. Nyakati zile nilibandika mashujaa tu. Mwaka 2005 nilimwongeza Dorcus Inzikuru, bingwa wa dunia wa mita 3,000 kuruka viunzi na maji huko Helsinki. Ili picha zipendeze, nilikata jina la gazeti na tarehe nikavitupa.

Kitabu cha pili ni cha chuo cha ualimu. Humo nilipanga vipande kwa masomo: mazao, wanyama, afya, ramani. Stephen Kiprotich, askari magereza, aliposhinda marathoni mjini London mwaka 2012, niliipeleka picha yake darasani pamoja na ile ya Akii-Bua. Watoto walitoa 1972 katika 2012, wakaona wenyewe kuwa taifa lilingoja miaka 40 kupata dhahabu ya pili ya Olimpiki. Nikatambua kwamba kipande cha gazeti kinaweza kufundisha, ikiwa tu mwaka wake unajulikana.

Cha tatu ni cha nyumbani: picha ya arusi, kadi za kliniki za watoto, barua za baba alipohamishiwa mbali. Kisha ikaja simu yenye kamera. Picha zikawa mamia, na kwa miaka minne sikubandika hata moja.

Baba alipofariki, tulitafuta picha yake ya ujana. Tukaipata moja tu: makuruta sita chini ya mti, vifua mbele, wakijizuia kucheka. Baba ni wa pili kutoka kushoto. Nikaigeuza. Nyuma hapakuwa na neno hata moja. Mama hakuwajua wale watano.

Siku ya maziko alikuja mzee mmoja mwenye fimbo, polisi mstaafu. Nilimwonyesha picha ile. Aliweka kidole juu ya kila uso, akataja jina, kijiji, na kituo alichopangiwa mtu huyo. Mmoja wao alikuwa yeye mwenyewe. Alipofika kwa wa mwisho alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Huyu tulimwita Filimbi. Jina lake, mwanangu, limenitoka." Nikaandika yote, na hilo la utani pia. Baada ya miezi mitatu, mzee yule naye akatutoka.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nami nimeona kuwa sura za watu ni mali ya namna hiyo. Mashujaa wa magazeti wana watu wengi wa kuwakumbuka. Filimbi ana picha moja na mstari mmoja wa maandishi yangu.

Jamaa za askari huhamahama, na katika kila uhamisho kitu husahaulika. Basi anzeni mapema. Andikeni majina kutoka kushoto kwenda kulia, mahali na mwaka. Nyuma ya picha tumieni penseli laini bila kukandamiza, maana kalamu ya wino huacha alama upande wa mbele. Uji wa muhogo huita mende, na selotepu hugeuka rangi ya kahawia na kuchafua karatasi. Afadhali kuishika picha kwa pembe nne za karatasi zilizobandikwa kitabuni. Karatasi ya gazeti huwa ya manjano upesi, kwa hiyo toeni nakala juu ya karatasi nyeupe nzuri. Wekeni kitabu mbali na unyevu na jua. Za simu, chagueni chache kila mwaka mkazichapishe. Zaidi ya yote, kaeni na wazee mkiwa na picha mkononi, kabla ya siku ya maziko.

Tarehe 2 Agosti 2024 Joshua Cheptegei, naye wa jeshi la polisi, alishinda mita 10,000 mjini Paris. Binti yangu alikata picha yake gazetini. Nilipomtazama, mkasi wake ulizunguka taratibu ukaiacha tarehe mahali pake. Kando yake akabandika picha yetu tuliyopiga usiku ule sebuleni, akaandika majina yetu sote, hata la mtoto wa jirani aliyekuwa amelala.