Usimpige Kofi

Sisi tuliozaliwa Burgao hatuna mjadala na mdudu: akitua mwilini hupigwa kofi. Desturi hiyo nilikuja nayo shuleni huku bara ya Kenya, na mwaka 1998, baada ya zile mvua kubwa za El Niño, ikanitia adabu. Nilikuwa nikidurusu usiku penye taa, akanitambaa shingoni mdudu mwembamba. Nikampiga, nikaendelea na hesabu zangu. Kesho yake shingo ikawaka moto, keshokutwa ikatoka malengelenge. Mwenzangu mmoja alifikicha jicho kwa mkono uleule aliomwulia mdudu. Jicho likavimba na kufumba siku kadhaa.

Watu humwita Nairobi fly, lakini si nzi hata kidogo. Ni katika jamii ya madundu, ingawa kwa umbo utamdhania sisimizi mrefu. Kichwa cheusi, kifua chekundu, mabawa mafupi ya samawati iliyokoza, tumbo jekundu lenye ncha nyeusi: sare ya askari kabisa. Tena haumi wala hachomi. Sumu imo katika damu yake, nayo hutengenezwa na bakteria waishio mwilini mwa jike. Asipopondwa hamdhuru mtu. Basi mkosaji wa shingo yangu nilikuwa mimi.

Nasema haya kwa kuwa kila mvua zikizidi nasikia vijana wakitaka nyasi zote za uwanjani zinyunyiziwe dawa. Siafiki. Mdudu huyu ni mwindaji. Hutaga mayai katika udongo wenye unyevu, na chakula chake ni vidukari, mayai ya wadudu na viumbe wengine wadogo waharibuo mimea. Huko Asia ndugu zake husifiwa katika mashamba ya mpunga, maana huwala wadudu wafyonzao mpunga. Mwenye kumwaga dawa ovyo amewaua askari, akawaachia wezi shamba.

Mwenyewe hufuata mwanga. Funga madirisha kabla ya kuwasha taa, na usilale bila chandarua. Akikutua, mpulizie, au mwekee karatasi apande, kisha umtoe nje. Ukisahau ukamponda, osha mahali hapo upesi kwa maji na sabuni, na mikono pia, kabla hujagusa uso. Na kama ulimponda juu ya shuka, shuka nayo ifuliwe.