Mtungi wa Wakisi urudi meza kuu

Kazi yangu ni kupika kwenye shughuli. Harusi, misiba, vikao vya ushirika, semina za wilayani, kote huko nimeshika mwiko, kuanzia Kyela mjini hadi Ipinda na Matema. Maji ya chupa nayajua vizuri kwa sababu mimi ndiye ninayeyapokea kwenye katoni, ninayeyapanga mezani, na jioni ninayeinama kuokota chupa zake. Rai yangu ni kwamba kamati za harusi, ofisi za umma, makanisa na nyumba za wageni za wilaya hii ya Kyela ziache kununua chupa kwa ajili ya mikusanyiko, na fedha hiyo ipelekwe soko la Lyulilo, kwa akina mama wa Kikisi wa Ikombe wanaofinyanga mitungi.

Tazama bajeti ya harusi yoyote ya kawaida. Mgeni mmoja huhesabiwa chupa mbili za nusu lita. Wageni wakiwa 300, hizo ni chupa 600, na chupa ikiwa shilingi 500, tumeshafika shilingi 300,000. Kamati itabishana usiku kucha juu ya kilo za nyama na mchele utoke kwa nani, lakini kipengele cha maji hupita bila mtu kufumbua mdomo. Maji yenyewe ni lita 300 tu, yaani ndoo 15 za lita 20. Bombani, kwa bei ya chupa chache ninalipia uniti nzima, ambayo ni lita 1,000.

Na hayanywewi yakaisha. Mgeni rasmi hufungua chupa, akapiga mafunda mawili, akaiacha. Akirudi kutoka kupiga picha anafungua nyingine. Saa kumi na mbili jioni, vijana wangu wanapokusanya vyombo, nusu ya chupa zina maji ndani. Hatuwezi kuyarudisha jikoni, kwa hiyo yanamwagwa chini ya migomba. Baadhi ya maji hayo yamekuja kwa lori kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900, yakamwagwa katika wilaya inayopata mvua nyingi kuliko karibu sehemu nyingine zote za Tanzania.

Chupa zenyewe hazipotei zote, hilo niliseme kwa haki. Wauza mawese huja kuzichukua, maana mafuta ya michikichi yetu huuzwa humo humo. Wavuvi wa usipa wanazitaka kwa ajili ya maboya ya nyavu. Wapo na vijana wanaozikusanya kwenye viroba na kuziuza kwa kilo. Lakini mawese na nyavu vina kikomo, na shughuli za Jumamosi hazina. Zinazobaki huchomwa nyuma ya jiko, moshi ukaingia kwenye vyakula na vifuani mwetu, au hutupwa mtaroni kungoja mvua.

Mvua ya Kyela haikawii. Machi ikifika, Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe hushuka kutoka milimani zikiwa zimejaa, na zote zinaishia sehemu moja, Ziwa Nyasa. Samaki mbasa anapoingia mitoni kutaga mayai anakutana na takataka zetu zikishuka. Na ziwa hili si kama bahari. Lina mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Shire, kule kusini kabisa nchini Malawi, zaidi ya kilomita 500 kutoka ufukwe wa Matema. Sehemu kubwa ya maji ya ziwa hili huondoka kwa kupanda hewani kama mvuke, na wataalamu wanahesabu kwa mamia ya miaka muda ambao maji yake yangehitaji kubadilika kupitia mlango huo. Plastiki haipandi hewani. Kinachoingia ziwani kwetu, watoto wetu na wajukuu wao watakikuta humo, kimekatika vipande vidogo.

Kwa nini tulihamia kwenye chupa? Sababu ya kwanza ni hofu, na siibezi. Visima vyetu ni vifupi kwa sababu maji ya ardhini yako karibu. Mto ukivunja kingo, choo na kisima hukutana. Kipindupindu kimeingia wilaya hii zaidi ya mara moja na kimeua watu. Mama mwenye mtoto anayeharisha, akanunua chupa kwa sababu haamini dumu la jirani, amefanya jambo la maana na simlaumu. Tatizo ni kwamba tumeacha kutibu maji, tukaiachia kazi hiyo lakiri ya kizibo. Na chupa nayo ina yake: Januari 2024 watafiti wa vyuo vikuu vya Columbia na Rutgers nchini Marekani walitangaza kwamba katika maji ya chupa waliyoyapima kulikuwa na wastani wa vipande 240,000 vya plastiki kwa lita moja, vingi vikiwa vidogo mno hata hadubini ya kawaida haivioni.

Sababu ya pili ni heshima. Hii ndiyo ngumu zaidi, nami nitaifikia.

Kwanza mtungi. Kila Jumamosi mitumbwi huleta vyungu na mitungi kutoka Ikombe hadi soko la Lyulilo, mwendo mfupi tu kutoka Matema, chini ya Milima ya Livingstone. Biashara hii ni ya zamani. Wakisi wanaishi kwenye ukanda mwembamba wa ardhi kati ya mlima na maji, mahali pa kulima ni padogo, kwa hiyo tangu zamani walibadilishana vyungu kwa chakula na Wanyakyusa wa bondeni. Monica Wilson, aliyeishi na kufanya utafiti Unyakyusa miaka ya 1930, aliikuta biashara hiyo. Wafinyanzi ni wanawake. Hawatumii gurudumu la mashine, mkono ndio unaopima unene, na chombo kikitoka motoni ukikigonga kwa kucha kinalia.

Mtungi hupoza maji kwa sababu udongo wake una vinyweleo. Maji kidogo hupenya hadi nje, yanakauka kwa upepo, na yanapokauka yanachukua joto la yale yaliyobaki ndani. Ndiyo maana mtungi mzuri daima una jasho. Watu wanaoupaka rangi ya mafuta ili ung'ae ukumbini wanaziba vinyweleo hivyo, halafu wanashangaa maji ni ya moto. Uachwe na rangi yake ya udongo na michoro ya Wakisi wenyewe, unapendeza vya kutosha. Na nisiufanye mtungi mwujiza: Aprili, hewa ikiwa imejaa unyevu, haupozi sana. Kuanzia Juni, mpunga ukishavunwa na harusi zikianza kufuatana, upepo wa ziwa unaufanyia kazi yake barabara.

Kasoro ya mtungi wa bibi zetu ilikuwa kata. Mkono ulioingia na kata uliingia na uchafu wake, na maji safi yakaharibikia ndani ya nyumba. Dawa yake ni bomba. Mwanzoni nilinunua mtungi uliochomwa nikampa fundi autoboe kwa kekee, ukapasuka kuanzia kwenye tundu hadi shingoni. Nilipoupeleka mkasa huo Lyulilo, mama mmoja mfinyanzi alinieleza, kwa upole, kwamba tundu hukatwa udongo ukiwa umeshikana lakini haujakauka, na kwamba likatwe pana kidogo kuliko bomba kwa sababu udongo hunywea motoni. Niliacha bomba langu, lile la plastiki la ndoo ya kunawia, lenye mipira miwili. Mitungi aliyonitengenezea ndiyo ninayotumia mpaka leo. Shingo ni nyembamba, mkono haupiti, na mfuniko ni wa mbao.

Maji nayachemsha usiku wa kuamkia shughuli mpaka yatokote kabisa, nayaacha yapoe humo humo sufuriani yakiwa yamefunikwa, ndipo nayamimina. Kuni zikiwa haba natumia vidonge vya WaterGuard kwa kufuata maelekezo ya pakiti, baada ya kuyachuja maji kwa kitambaa safi kama yana tope. Mtungi mpya unalowekwa siku nzima na maji yake ya kwanza yanamwagwa, maana yana harufu ya udongo. Bilauri zinaoshwa kwa sabuni na maji ya moto. Kazi ipo, sikatai. Lakini inafanywa na wasichana wa hapa hapa na inalipwa hapa hapa.

Tunaweza kwenda mbali zaidi ya kupoza. Mwaka 1981 huko Guatemala, Fernando Mazariegos alibuni kichungi cha udongo ambacho leo kinafinyangwa katika nchi nyingi. Udongo huchanganywa na vumbi la mbao au pumba za mpunga. Pumba zinapoungua tanurini zinaacha vitundu vidogo sana, maji yanapita taratibu, vijidudu vingi vinanasa, na chombo hupakwa madini ya fedha kidogo ili kuvidhibiti vinavyobaki. Kinatoa lita moja mpaka tatu kwa saa. Pumba za mpunga! Nani wa Kyela asiyejua vilima vya pumba nyuma ya mashine za kukoboa, vinavyochomwa kwa sababu hakuna pa kuviweka? Udongo upo, pumba zipo, mikono ya Wakisi ipo. Kinachokosekana ni tanuri, kwa kuwa moto wa wazi wa nyasi na kuni hauna joto la kutosha wala la usawa kwa kazi hiyo, na vipimo vya kuthibitisha kila toleo. Halmashauri ina mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo asilimia 4 ni ya wanawake. SIDO ipo Mbeya. Arusha, katika Taasisi ya Nelson Mandela, Dkt. Askwar Hilonga alitengeneza kichungi kilichoshinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi mwaka 2015, kwa hiyo hata ujuzi wa kupima maji hauhitaji kuagizwa ng'ambo. Namwomba mkurugenzi wa halmashauri na madiwani wetu waliweke tanuri la Ikombe kwenye bajeti.

Sasa heshima. Kamati moja ilinikatalia mitungi kwa sababu wakwe wangetuona hatuna uwezo. Tukakubaliana chupa ziwekwe meza kuu, mitungi ikae kwa wageni wengine. Siku hiyo umeme ulikatika. Ilipofika saa tisa, chupa za meza kuu zilikuwa na joto la uji, na wazee wawili upande wa bwana harusi wakatuma mtoto awaletee maji ya mtungini. Shangazi mmoja alibaki na chupa yake hadi mwisho, na hapakuwa na ugomvi. Nilichojifunza ni kwamba watu hawakuudharau mtungi. Walikuwa wanangoja mtu mwenye nafasi aanze kuunywea. Ndiyo maana naanza na meza kuu, na vikao vya serikali hasa. Mkuu wa wilaya akiwekewa bilauri na jagi la maji ya mtungini, hakuna kamati ya harusi itakayoona aibu.

Sisemi tungoje marufuku. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania Bara, na sokoni kwetu vikapu vikarudi mikononi mwa watu haraka kuliko wengi walivyotabiri. Kenya ilizuia chupa za plastiki za kutumia mara moja katika hifadhi zake za taifa tangu tarehe 5 Juni 2020. Ufukwe wa Matema unaweza kujiwekea utaratibu kama huo bila sheria ya Dodoma, kwa makubaliano ya wenye nyumba za wageni. Wageni wengi wanafika na chupa zao za chuma na swali lao la kwanza ni wapi watajaza maji.

Vijana wanaouza maji stendi ya Kyela na mpakani Kasumulu nimewafikiria. Msafiri mwenye kiu ataendelea kununua kwao, na sina neno juu yake. Lakini stendi na bandari zetu za Itungi na Kiwira zikiwekewa vituo vya maji yaliyotibiwa, vijana hao hao wanaweza kuvisimamia na kulipwa kwa kila chupa inayojazwa tena, badala ya kugawana faida na kiwanda na lori.

Msimu wa harusi unakaribia. Kamati yoyote ya Kyela itakayonipa kazi, hata ile isiyonipa chakula chote bali wali tu, nitaileta mitungi yangu bila kudai fedha ya kukodi, na maji nitayachemsha mbele ya mjumbe wao. Fedha ya katoni watakayookoa waamue wenyewe pa kuipeleka, ila Jumamosi moja waende Lyulilo wakanunue mtungi wa maharusi.