Mtoto Mwerevu Asiye na Rafiki

Kila ufikapo mwisho wa mwaka wazazi huzunguka wakitafuta shule, na ninyi mliosoma hapa zamani, ambao leo ni baba wa watoto, mmo katika safari hiyo. Kwa heshima nawaomba mnisikilize juu ya mtoto wa namna moja: yule amalizaye hesabu kabla mwalimu hajamaliza kuziandika ubaoni, kisha akakaa akichezea kalamu mpaka kengele ilie. Huwasahihisha wenzake, nao wamemchoka. Saa ya kucheza husimama peke yake chini ya mwembe. Ripoti yake husema ana akili lakini ni mtundu.

Baba wengi hukimbilia shule yenye jina kubwa, iliyojaa Daraja la Kwanza katika mtihani wa darasa la saba. Mimi sioni faida. Shule nyingi za namna hiyo hupata jina kwa kukaririsha, tangu alfajiri hata usiku. Mtoto aliyechoshwa na kujibu swali mara moja, je, atatulizwa kwa kulijibu mara kumi? Wengine humrusha madarasa mawili. Hili lina wema wake, lakini mtoto wa miaka tisa, hata akiwa hodari wa hesabu, machozi yake ni ya miaka tisa.

Yuko bwana mmoja, Terence Tao, aliyezaliwa Adelaide, Australia, mwaka 1975. Wazazi wake walimpeleka shule kabla hajatimiza miaka minne. Hesabu alijua, ila kukaa na wenzake hakuweza. Basi wakamtoa, wakangoja mpaka alipofika miaka mitano. Kisha alisoma kila somo kwa mwendo wake: alipokuwa na miaka minane hivi, hesabu aliifuata shule ya sekondari, na saa nyingine alikaa na watoto wa shule ya msingi. Mwaka 2006 alipewa Medali ya Fields, tuzo kubwa ya hesabu. Lakini mimi nasifu zaidi kule kumtoa. Nani kwetu humtoa shule mtoto anayepata alama nzuri?

Mtasema Australia si Uganda, na kwamba tangu mwaka 1997, elimu ya msingi ilipofunguliwa kwa wote, madarasa yamefurika. Ni kweli. Jirani zetu wa Tanzania wametenga shule za vipaji maalumu, kama Ilboru, Kibaha na Mzumbe, lakini hizo ni za sekondari. Mtoto wa darasa la nne atangoja. Hata hivyo, kumruhusu mtoto aingie darasa la sita kwa saa ya hesabu tu, kisha arudi kwa wenzake, hakuhitaji fedha. Kwahitaji ratiba inayolingana na mwalimu mkuu asiyeogopa.

Basi mwulizeni mwalimu mkuu huyo: mtoto akimaliza kazi, mwampa nini? Akijibu kwamba hukaa kimya, agana naye. Akijibu kwamba huongezewa hesabu zile zile, agana naye pia. Tazameni kama maktaba ina vitabu au ina kufuli. Tazameni kama pana bao, bendi au bustani, mahali ambapo watoto hukutana kwa wakipendacho, si kwa umri. Rafiki mmoja anayecheka mzaha wake atamtosha.

Tena, kabla ya kulipa ada, mtoto mwenyewe akakae kule siku moja. Jioni msimwulize amejifunza nini. Mwulizeni alikula chakula cha mchana na nani.