AJALI HAINA KINGA?



Kila penye msiba wa moto hapakosi msemaji wa kusema, "Ajali haina kinga." Maneno haya huwafariji waliofikwa, nasi hatumkatazi mtu faraja. Lakini yanapotamkwa kabla ya msiba, tena na yule ambaye ilikuwa kazi yake kuuzuia, hayawi faraja tena, yamekuwa udhuru. Na udhuru huo watu wetu wa pwani huulipa kwa ngozi zao.

Tutazame dikoni Makangale vyombo vinapotayarishwa. Petroli huja kwa madumu ya plastiki, ikamiminwa kwa mkono katika tangi la mashine. Fundi huifungua kabureta akaiosha kwa petroli iyo hiyo katika kopo lililo wazi. Mpaka rangi huizimua rangi yake kwa thina, na seremala huichanganya thina na vanishi ndani ya banda. Hakuna katika hao afanyaye mzaha. Wote wamo katika kutafuta riziki ya halali.

Adui yao haonekani. Kinachowaka si petroli yenyewe, bali ni mvuke wake. Mafuta ya taa hayatoi mvuke wa kutosha kushika moto mpaka yapate joto la kiasi cha nyuzi 38 au zaidi. Petroli huutoa hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sufuri, baridi ambayo Pemba haijapata kuijua. Mvuke huo, tena, ni mzito kuliko hewa mara tatu au zaidi. Haupandi ukatoweka kama moshi. Hushuka, ukatambaa, ukajikusanya katika ngama ya chombo na katika pembe za banda, ukingoja cheche. Mwenye sigara aweza kuwa mbali na kopo, na moto ukamfikia mwenye kopo.

Yaliyotokea Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, hayajasahauliwa. Lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota petroli, moto ukalipuka, na waliokufa walizidi 100. Huko Sange, katika Kongo ya mashariki, tarehe 2 Julai 2010, lori jingine liliua zaidi ya watu 230. Kopo la fundi ni dogo mbele ya lori, lakini mvuke ni ule ule na tabia yake ni ile ile. Jambo ambalo sababu yake yajulikana hivi, vipi litaitwa halina kinga?

Kinga ipo, na iliyo nyingi si ya gharama. Vyombo vya mashine vioshwe kwa sabuni na maji au kwa kiowevu kisichoshika moto upesi, wala si kwa petroli. Thina ifunguliwe penye upepo, mbali na jiko, sigara na kandili. Dumu liwekwe chini wakati wa kujazwa, lisibaki juu ya gari, na lisiachwe juani. Ngama ipitishwe hewa kabla ya mashine kuwashwa. Matambara yaliyolowa yatiwe katika debe la bati lenye kifuniko. Mtu asifyonze petroli kwa mpira na mdomo, kwani ikiingia mapafuni yaweza kumuua. Wala asioshee mikono. Na moto wa petroli usimwagiwe maji, maana petroli huelea juu yake na kwenda nao. Uzimwe kwa mchanga mwingi au kwa kizimamoto cha unga. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20, asipakwe dawa ya meno wala samli, kisha apelekwe hospitali.

Lakini hatukubali mzigo wote atwikwe mvuvi na fundi. Mapato ya bahari yanapogawanywa, chombo kina fungu lake, na mashine ina fungu lake. Je, usalama wa baharia una fungu gani? Tajiri apokeaye fungu la mashine ndiye apasikaye kununua dumu madhubuti na kizimamoto. Huu si ukarimu, ni haki.

Na Serikali nayo tunaiuliza. Sheria ya Usalama na Afya Kazini, Namba 8 ya mwaka 2005, imo katika vitabu vya Zanzibar. Mkaguzi wake ameshuka lini dikoni Makangale? Mafunzo yake yamefundishwa wapi kwa lugha aijuayo mpaka rangi? Majeruhi wa Makangale hupitishwa msitu wa Ngezi kabla hajafika Konde. Je, maisha yake hayakustahiki kizimamoto kimoja pwani? Sheria isiyofika pwani ni karatasi tu.

Hatutangoji majibu tukiwa tumekunja mikono. Kila tawi na liweke dikoni ndoo za mchanga, na lichague mtu wa kuwakumbusha wenziwe kila siku. Kumtegemea Mwenyezi Mungu ni wajibu wetu, na kumfunga ngamia kwanza ni wajibu pia.

Atakayesema tena kuwa ajali haina kinga, aulizwe: wewe uliweka kinga gani?