Jarida Linapokalia Kosa

Februari 1998, jarida la The Lancet la Uingereza lilichapisha makala ya Andrew Wakefield na wenzake. Kwa kuwachunguza watoto 12 tu, ilidokeza kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela inahusiana na usonji. Mwaka 2004, mwanahabari Brian Deer alianza kufichua kasoro zake. Jarida likaifuta kabisa Februari 2010. Miaka 12! Wakati huo wazazi waliikimbia chanjo, na surua ikarejea.

Anayekosea kwa bahati mbaya asahihishwe bila kuaibishwa, anayeghushi aumbuliwe. Lakini mhariri anayekalia ushahidi ili kulinda hadhi ya jarida, naye ana hatia. Mwanafunzi akinakili, tunamfutia matokeo muhula huohuo. Kwa nini jarida lipewe miaka? Mficha maradhi, kifo humuumbua.