Luku, pasi na juisi ya ukwaju

Leo sina waziri wala mbunge wa kuwaletea. Hao nashinda nao kazini, na mnawasoma gazetini mpaka mnachoka. Leo nataka tuongee mambo madogo madogo, yale yanayomuudhi mtu asubuhi na kumpoza jioni. Nianze na shati langu.

Jumatatu moja ya mwezi wa kwanza nilikwenda kazini na shati lililonyooka mkono mmoja tu. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa nimesimama chumbani, pasi mkononi, mkono wa kulia umeshanyooka vizuri kabisa, nageuza shati nianze wa kushoto... giza. Feni ikazunguka mara mbili tatu ikatulia. Haukuwa mgao. Luku imeisha.

Na si kwamba iliisha kwa kushtukiza. Mita ilikuwa inalia tangu jana yake jioni. Kila mtu aliisikia, na kila mtu alikuwa anamsubiri mwenzake aseme.

Niwaeleze kwanza ninapoishi. Nimepanga Mwananyamala, zile nyumba za korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani kuna bomba, choo, bafu na mwembe mmoja. Vyumba sita, wapangaji sita, mita moja. Kwa wasiojua, Luku ni kifupi cha Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Jina zuri sana, ila linamhusu mtu mwenye mita yake. Sisi kwetu ni Lipa Umeme Kadiri Jirani Atumiavyo.

Basi bwana, jioni ya siku ile nikarudi nikakuta kesi imeshaanza bila mimi. Kijana wa bodaboda wa chumba cha mbele alikuwa anasema kwa sauti: "Mwandishi ndiye anayetumaliza. Usiku kucha taa inawaka, kompyuta inawaka. Yeye aongeze mchango."

Kila chumba kilikuwa kinatoa shilingi 10,000 kwa mwezi, jumla 60,000. Mimi kapera, sina televisheni, sina friji, nina taa, feni, pasi na kompyuta, halafu niongeze mchango? Iliniuma sana. Kwa kuwa mimi ni msomi (ndivyo mama yangu anavyowaambia watu kijijini), nikaamua kujibu kisomi. Nikachukua karatasi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Uniti moja ya umeme ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Kompyuta yangu inakula kama wati 60. Nikiiwasha saa nne kila usiku, ni wati 240 kwa saa, yaani hata robo uniti haifiki. Kwa mwezi ni uniti 7 na kidogo. Kila uniti ilikuwa inatugharimu kama shilingi 356. Kwa hiyo kompyuta yangu ni shilingi 2,500 hivi kwa mwezi.

Nikaona haitoshi kujitetea, nimtafute na mkosaji. Sikwenda mbali. Chumba cha tatu anakaa mama mmoja, mjane, nitamwita Mama Ukwaju ingawa si jina lake. Ana friza. Anatengeneza juisi ya ukwaju na ya ubuyu, anauza hapo barazani, chupa ndogo shilingi 500. Friza lake limeandikwa wati 150. Haliungurumi muda wote, linawaka na kuzima, nikakadiria jumla ya saa kumi kwa siku. Hiyo ni uniti moja na nusu kila siku, uniti 45 kwa mwezi, shilingi 16,000. Nikapigia mstari mara mbili.

Jumapili tukakaa kikao chini ya mwembe. Nikasimama na karatasi yangu kama mwendesha mashtaka. Nikawapa wati, nikawapa uniti, nikawapa shilingi. Kijana wa bodaboda akatikisa kichwa kwa heshima. Mama Ukwaju alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua mchicha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Tukapitisha hapo hapo: yeye atoe 25,000, sisi watano tutoe 7,000 kila mmoja. Akasema, "Sawa wanangu. Kama ndivyo, sawa." Akaendelea na mchicha wake.

Nilishinda kesi. Nikaokoa shilingi 3,000 kwa mwezi. Usiku ule nililala nimeridhika na nafsi yangu, nisiwafiche.

Siku ya tatu friza likazimwa.

Sikushtuka mara moja. Nilishtuka niliporudi kazini saa tatu usiku. Joto la Dar la mwezi wa pili mnalijua. Nimesimama kwenye daladala tangu Posta, kwapa la mtu usoni, habari yangu ya siku imekatwa na mhariri imebaki aya mbili. Siku zote jioni kama hiyo nilikuwa na dawa yake. Nafika, namwamkia Mama Ukwaju, ananipa chupa ya baridi iliyobaki chini kabisa ya friza, nakaa kwenye ngazi ya baraza na kusikiliza umbea wa mtaa mzima. Mshahara ukichelewa ananiandika kwenye daftari, hana neno.

Siku hiyo baraza lilikuwa tupu. Nikaenda dukani kununua soda. Kesho yake tena soda. Kwa ufupi, ile 3,000 niliyoiokoa haikumaliza wiki.

Nilipochungulia chumbani kwake siku moja mlango ukiwa wazi, niliona friza limegeuzwa kabati. Ndani kuna unga, na juu yake nguo zimekunjwa.

Hilo nalo ningelimeza. Lililonishinda ni la asubuhi moja, nimepata kiti cha dirishani kwenye daladala (bahati ya mwaka), tuko kwenye foleni, nikamwona binti yake anatembea pembeni ya barabara na begi la shule mgongoni. Yuko kidato cha pili. Shule yake si ya kutembea kwa miguu. Daladala lilisogea likampita, likasimama, akatupita yeye, likasogea tena. Mara ya tatu nikageuza uso upande wa pili, asije akaniona.

Hapo ndipo nilipofanya hesabu ambayo sikuifanya Jumapili ile. Kwenye chupa ya 500, ukitoa ukwaju, sukari, maji na chupa yenyewe, tuseme anabaki na 200. Ile nyongeza yetu ya 15,000 ni faida ya chupa 75. Chupa 75 kila mwezi anauza kwa ajili yetu, kabla hajamtafutia mwanawe nauli. Nani angeendelea?

Sasa sikilizeni kichekesho. Wiki chache baadaye kazini nikapewa habari fupi ya umeme, ikabidi nisome bei zinavyopangwa. Kwa bei zilizoanza kutumika Aprili 2016, mteja wa nyumbani anayetumia kiasi kidogo, wastani usiozidi uniti 75 kwa mwezi, yuko kwenye kundi la shilingi 100 kwa uniti. Anayezidi hapo na kuwekwa kundi la kawaida ni shilingi 292. Ukiongeza kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, wakala wa nishati vijijini asilimia 3 na mdhibiti asilimia 1, ile 100 inakuwa 122, na ile 292 inakuwa 356.

Mmeiona? Sisi tulikuwa tunalipa 356. Kwa macho ya mita sisi sita ni mtu mmoja, tajiri, anayetumia uniti zaidi ya 160 kwa mwezi. Hakuna hata mmoja wetu mwenye matumizi hayo. Nikatoa karatasi tena. Wapangaji watano tunatumia kama uniti 20 kila mmoja. Mama Ukwaju, uniti 20 za chumbani na 45 za friza, jumla 65. Hata yeye na friza lake hafiki 75! Kila mmoja angekuwa na mita yake kwenye kundi lile la chini, mimi ningelipa kama 2,440, yeye kama 7,930, na nyumba nzima isingefika 21,000. Tulikuwa tunatoa 60,000.

Na humo kwenye 60,000 kulikuwa na 1,500 ya kodi ya jengo, ambayo tangu Agosti 2021 inakatwa kupitia Luku. Ilianza kwa 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapanda mwaka 2023. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Anayeingiza zile namba ishirini kwenye mita ni mpangaji. Hatukuwahi kumdai mwenye nyumba hata senti, kwa kuwa tulikuwa bize kuchunguzana nani kaacha taa ya choo.

Jioni ile nikamfuata Mama Ukwaju uani. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Nikamwambia nimekuja kuomba radhi. Nikaanza kumweleza habari za makundi ya bei, uniti 75, asilimia ngapi... Akanikatiza.

"Mwandishi, hesabu zako siku ile zilikuwa sawa. Hata mimi nilijua friza linakula umeme. Ila hukuja kuniuliza."

Nikakosa la kusema. Jamani, mimi chuoni nimekaa miaka mitatu, na jambo la kwanza kabisa tulilofundishwa ni kwamba unayemwandika lazima umtafute, umsikie naye anasemaje. Habari ya upande mmoja mhariri anakurudishia. Mbunge nampigia simu mara saba ili asije akasema sikumtafuta. Mama aliyekuwa ananikopesha juisi, mlango wa tatu kutoka kwangu, nilimsomea mashtaka hadharani bila hata kumgongea hodi.

Kama ningeuliza, angenijibu tu. Alikuja kunieleza baadaye kwamba usiku friza likishajaa barafu anaweza kulizima mpaka asubuhi na juisi isiharibike, ilimradi asilifungue fungue. Akifanya hivyo saa za kuunguruma zinapungua. Mimi nilikuwa na karatasi, yeye alikuwa na friza miaka sita.

Tukaitisha kikao kingine. Safari hii sikusimama. Nilikaa, nikaeleza nilichokisoma, nikakiri kosa langu. Kijana wa bodaboda alinuna kidogo, kisha akasema hata yeye juisi ilikuwa inamsaidia mchana wa jua kali. Tulikubaliana Mama Ukwaju aongeze 5,000 tu na awe anazima friza usiku, na sisi wengine tutoe 9,000. Pia tukachagua mtu wa kununua umeme kila mita inapoanza kulia, ili mashati ya watu yasiendelee kupata aibu.

Tulimpigia simu na mwenye nyumba, anakaa Mbagala. Kuhusu kodi ya jengo amekubali kuturudishia, atakata kwenye kodi ya pango tukilipa ya miezi sita ijayo. Kuhusu mita za kila chumba akasema, "Mwanangu, hayo makubwa, ngoja nifikirie." Bado anafikiria. Wapo waliotushauri tufunge zile mita ndogo za kupimia kila chumba. Zinasaidia kujua nani katumia nini, lakini umeme unaendelea kununuliwa kwa mita ile ile kubwa, kwa bei ile ile kubwa. Sisi tunachokitaka ni kila mpangaji awe mteja anayejitegemea.

Maoni yangu ni haya. Wenye nyumba, mnaochukua kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, ruhusuni wapangaji waombe mita zao, hata kama gharama za kuunganisha wazilipe wenyewe kidogo kidogo. Wanaopanga bei za umeme nao wakumbuke kwamba mji huu maskini wengi wanaishi sita kwa mita moja, kwa hiyo bei ya chini waliyowekewa haiwafikii. Na sisi wapangaji, kabla hatujamshika jirani koo kwa ajili ya pasi au friji, tumgongee mlango kwanza tumuulize.

Juzi usiku Luku iliisha tena. Mnunuzi wetu akatoka na simu, mwingine akamulika kwa tochi, binti wa Mama Ukwaju akawa anasoma namba zile ishirini, nne nne, kama anaimba. Taa zikawaka, watoto wa jirani wakapiga kelele "Umerudiii!", na chumba cha tatu friza likaanza kuunguruma. Nilikuwa nimeshakaa kwenye ngazi ya baraza. Shati la kesho lilikuwa halijapigwa pasi, nikasema litasubiri.

Haya, nawe mdau, kwenu Luku mnagawanaje?